Kutoka Picha ya Uso Hadi Mchoro: Simu Yako Inapiga Hesabu Gani?

Chukua simu yako sasa hivi. Fungua picha ya uso wa mtu yeyote unayempenda, halafu ikuze kwa vidole viwili, endelea kuikuza mpaka igome. Unaona nini? Macho yamepotea, pua imepotea. Imebaki miraba midogo midogo ya rangi, mmoja kahawia, mwingine kahawia iliyokolea kidogo, imepangwa kama vigae sakafuni. Miraba hiyo ndiyo pikseli. Kwa simu, uso wa mama yako ni hiyo tu.

Siku hizi kuna programu nyingi zinazogeuza picha kama hiyo kuwa mchoro. Unabonyeza mara moja, unasubiri sekunde chache, na mtu anatokea kama amechorwa kwa brashi na rangi ya mafuta. Wengine wanaweka michoro hiyo kwenye profaili, wengine wanaichapisha kwa ajili ya harusi au kipaimara, na wengine wanaitengeneza kwa ajili ya msiba. Hapo kwenye msiba ndipo mambo yanapokuwa mazito. Mchoro umetoka mzuri, unang'aa, lakini wazee wanautazama na kusema, "Huyu siye." Je, kosa limeingia hatua gani?

Tuchukue mfano mmoja tutembee nao mpaka mwisho. Tuseme uko Litumbandyosi, wilayani Mbinga, mkoa wa Ruvuma. Bibi alifariki miaka mingi iliyopita. Picha yake iliyobaki ni moja tu, ya pasipoti, imekaa ndani ya bahasha pamoja na vyeti. Familia inataka picha kubwa ya kutundika ukutani. Wewe ndiye mwenye simu janja, kwa hiyo kazi imekuangukia wewe.

Picha ni jedwali la namba

Kamera ya megapikseli 12 kwa kawaida hutoa picha yenye pikseli 4000 kwa 3000. Zidisha, unapata pikseli milioni 12. Kila pikseli hubeba namba tatu: kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha bluu. Kila namba iko kati ya 0 na 255. Yaani picha moja ya bibi ni namba milioni 36.

Programu yoyote ya kugeuza picha kuwa mchoro, iwe ya bure au ya kulipia, kazi yake ni kubadilisha namba hizo. Ila kuna njia tatu tofauti za kuzibadilisha, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza inakokotoa upya namba ulizonazo. Ya pili inazivalisha mtindo wa mchoro mwingine. Ya tatu inabuni namba mpya ambazo hazikuwemo kabisa kwenye picha yako. Ukijua programu uliyoshika inatumia njia gani, tayari umeshajua ni kwa kiasi gani unaweza kuamini uso utakaotoka.

Njia ya kwanza: filta

Mchoro wa rangi ya mafuta una tabia mbili. Ndani ya shavu rangi ni tulivu, hakuna vinyweleo wala chembechembe. Lakini pale shavu linapokutana na ukuta wa nyuma, mpaka unabaki mkali. Sasa utafanyaje hivyo kwa hesabu?

Tazama namba saba zilizo kwenye mstari mmoja wa picha. Upande wa kushoto ni shavu, upande wa kulia ni ukuta:

60, 62, 58, 61, 140, 142, 138

Ukitumia ukungu wa kawaida, kila pikseli inachukua wastani wake na majirani zake wa pande zote mbili. Pikseli ya nne, ile yenye 61, inakuwa wastani wa 58, 61 na 140, yaani 86. Si shavu tena, na si ukuta. Ni tope katikati. Ndiyo maana picha yenye ukungu haionekani kama mchoro, inaonekana kama picha iliyopigwa mkono ukitikisika.

Mwaka 1976 mtafiti wa Kijapani anayeitwa Kuwahara na wenzake walikuwa na shida inayofanana na hii. Wao hawakuwa wanachora mtu, walikuwa wanasafisha picha za kitabibu za moyo. Walitaka kuondoa chembechembe bila kuharibu kuta za moyo. Ujanja wao ni huu: pikseli isichanganye majirani wote. Iangalie makundi ya majirani, ichague lile ambalo namba zake zinakaribiana zaidi, kisha ichukue wastani wa kundi hilo peke yake.

Rudi kwenye 61 yetu. Kundi la kushoto ni 62, 58 na 61, linakaribiana sana. Kundi la kulia ni 61, 140 na 142, halikaribiani hata kidogo. Basi inachagua kushoto, na wastani wake ni 60. Shavu limebaki shavu. Kwenye picha halisi majirani wako pande zote, kwa hiyo makundi huwa manne, lakini wazo ni lilelile. Filta ya namna hii ikirudiwa kwenye picha nzima, ngozi inatulia katika vipande vipana vya rangi na mipaka inabaki. Macho yetu yakiona vipande hivyo yanasema, "Ah, hii ni brashi."

Uzuri wa njia hii ni kwamba haina kumbukumbu ya sura za watu. Haijui jicho ni nini. Kila namba inayotoka imetokana na namba zilizokuwemo pale pale. Haiwezi kumpa bibi pua ya mtu mwingine. Lakini inaweza kumwibia kitu, na hapo inabidi tukae kidogo.

Uso mweusi unavyopata mgao mdogo

Programu nyingi zina kitufe cha kupunguza ngazi za mwanga, mara nyingi kimeandikwa Posterize. Badala ya ngazi 256, unaiambia picha ibaki na ngazi nne tu. Ndiyo inayotoa ule muonekano wa bango lililochapwa kwa rangi chache, na ndiyo hatua ya kwanza ya michoro mingi ya uso unayoiona mitandaoni.

Kwanza tujue mwanga wa pikseli unapatikanaje. Fomula inayotumika sana ni: nyekundu mara 0.299, jumlisha kijani mara 0.587, jumlisha bluu mara 0.114. Chukua pikseli ya ngozi ya kahawia iliyokoza, yenye nyekundu 92, kijani 58 na bluu 42. Piga hesabu: unapata 66 hivi.

Sasa gawa 0 hadi 255 kwa ngazi nne zilizo sawa. Mipaka inaangukia kwenye 64, 128 na 192. Tuseme uso wa bibi, kutoka kivuli cha chini ya kidevu mpaka mng'ao wa paji la uso, una mwanga wa kuanzia 30 hadi 110. Je, unaangukia ngazi ngapi? Mbili tu. Mpaka mmoja tu, ule wa 64, ndio unaopita usoni. Chukua sasa uso mweupe wenye mwanga wa 90 hadi 220. Huo unapitiwa na mipaka miwili, unapata ngazi tatu.

Umeona? Kitufe ni kimoja, hesabu ni ileile, hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini uso mmoja umepewa ngazi tatu za kuonyesha mashavu, mifupa na mikunjo, na mwingine umepewa mbili. Ndiyo maana filta fulani zikitumika kwa watu wetu zinatoa doa jeusi lenye macho.

Watu wengi wakiona hivyo wanakimbilia kuongeza mwanga. Uso unapata ngazi, sawa, lakini sasa bibi amekuwa mweupe. Hilo nalo si suluhisho. Hakuwa mweupe.

Suluhisho ni kutenganisha kazi mbili. Tengeneza nakala ya picha. Kwenye nakala, vuta mwanga wa uso ujaze nafasi nzima, yaani 30 iwe 0 na 110 iwe 255, ndipo ugawe ngazi nne. Mipaka sasa inaangukia kwenye 50, 70 na 90 za picha ya asili, yote mitatu usoni. Nakala hii ni ramani tu, inakuonyesha kivuli kinaishia wapi na mwanga unaanzia wapi. Rangi zenyewe unazichota kwenye picha ya asili ambayo hujaigusa. Ramani kutoka nakala, rangi kutoka asili. Ukishika hilo tu, michoro yako itabadilika.

Njia ya pili: kuvalisha mtindo

Mwaka 2015 watafiti watatu wa Ujerumani, Gatys, Ecker na Bethge, walionyesha kwamba mtandao wa neva bandia uliofundishwa kutambua vitu kwenye picha unaweza kutumiwa kutenganisha mambo mawili: kilichomo kwenye picha, na mtindo wake. Unachukua kilichomo kutoka picha yako, mtindo kutoka mchoro fulani maarufu, unaviunganisha. Mwanzoni kazi hiyo ilihitaji kompyuta yenye nguvu na uvumilivu. Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliifanya iwe ya haraka karibu mara elfu moja. Mwaka huohuo wa 2016 programu ya Prisma ilitoka, na watu duniani kote wakaanza kujigeuza michoro.

Lakini "mtindo" kwa mashine maana yake ni nini? Tutumie mchoraji wa nyumbani. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, mkoa huuhuu wa Ruvuma, na akafa Dar es Salaam mwaka 1972. Alichora kwa rangi za baiskeli zinazong'aa, juu ya vipande vya mbao za viwandani. Mtindo uliobeba jina lake unajulikana kwa rangi kali, umbo lenye mpaka safi, na madoa mengi mengi.

Tuseme unaipa programu mchoro wa Tingatinga kama mtindo, na picha ya bibi kama kilichomo. Mashine haioni chui wala haijui kwa nini chui ana madoa. Inachopima ni takwimu: vitu gani vinaonekana pamoja mara nyingi. Duara jeusi karibu na njano, mara nyingi. Mstari mwembamba kando ya rangi bapa, mara nyingi. Mahali vilipo haviihusu. Kisha inarekebisha pikseli za bibi mpaka takwimu zifanane. Matokeo? Madoa yanaweza kuota kwenye shavu la bibi. Mchoraji mwenyewe asingefanya hivyo, maana yeye alijua doa ni la chui.

Kwa hiyo njia hii inafaa kwa nguo, kwa mandhari ya nyuma, kwa pambo. Kwa uso, itumie kwa kipimo. Programu nyingi zina kitelezi cha nguvu ya mtindo. Kishushe mpaka macho na mdomo virudi kuwa vya mwenyewe, hata kama ni chini ya nusu.

Njia ya tatu: kubuni

Hii ndiyo yenye mvuto kuliko zote, na ndiyo ya kuogopa. Ni programu za akili mnemba zinazosema zitasafisha picha ya zamani, zitaongeza rangi, au zitatoa picha kali kutoka picha yenye ukungu. Ukiitazama kazi yake unashangaa: kope zimeonekana! Meno yameonekana! Swali la kujiuliza ni moja. Kope hizo zimetoka wapi?

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa programu ya majaribio iitwayo PULSE. Unaipa picha ya uso yenye pikseli 16 kwa 16, inakurudishia picha kali ya 1024 kwa 1024. Fanya hesabu: kila pikseli moja iliyoingia imezaa pikseli 4096. Moja ni ushahidi, zilizobaki ni makisio. Watu wakaipa picha iliyopunguzwa ya Barack Obama, rais wa zamani wa Marekani ambaye baba yake ni Mkenya. Ikarudisha uso wa mzungu. Picha kali, safi, ya mtu ambaye hayupo.

Mashine haikukosea hesabu. Ukiupunguza uso ule wa kubuni mpaka pikseli 16 kwa 16, unapata karibu picha ileile iliyoingia. Tatizo ni kwamba nyuso nyingi tofauti zikipunguzwa sana zinafanana, na mashine ikitakiwa kuchagua moja, inachagua iliyo karibu na zile ilizofundishwa.

Na inafundishwa na nyuso za nani? Mwaka 2018 Joy Buolamwini, na Timnit Gebru aliyezaliwa Ethiopia, walipima programu za kampuni kubwa zilizokuwa zikikisia kama mtu kwenye picha ni mwanamke au mwanaume. Walikusanya picha za wabunge wa nchi sita, tatu za Ulaya na tatu za Afrika, Rwanda ikiwemo. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe, programu zilikosea si zaidi ya asilimia 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, iliyofanya vibaya zaidi ilikosea asilimia 34.7. Bibi wa Litumbandyosi yuko kundi la pili.

Rangi nazo ni hivyo hivyo. Kama picha ya bibi ni nyeusi na nyeupe, rangi haimo ndani yake. Rudi kwenye ile fomula ya mwanga. Kitambaa chekundu chenye namba 234, 0, 0 kinatoa mwanga wa 70. Kitambaa cha kijani chenye 0, 119, 0 nacho kinatoa 70. Kwenye picha ya kijivu ni kitu kimoja. Programu ikikuletea kitenge chekundu imerusha shilingi tu. Mwenye jibu ni shangazi, muulize.

Hatusemi usiguse kabisa programu hizi. Tunasema usimkabidhi uso. Acha zikusaidie kufuta mkunjo wa karatasi kwenye ukuta wa nyuma au doa la maji begani. Macho, pua, mdomo na umbo la taya vibaki vile vilivyotoka kwenye karatasi.

Sasa tumchore bibi

*Piga picha ya picha.* Weka picha ya pasipoti juu ya kitu bapa, nje, kivulini, saa tatu asubuhi au saa kumi jioni. Usitumie flashi, itaacha doa jeupe. Shika simu iwe sambamba na karatasi, la sivyo uso utapanuka upande mmoja. Usiisogeze simu karibu mno, kamera nyingi zikifika sentimita chache haziwezi kuona sawasawa. Kaa umbali wa sentimita 15 hadi 20, piga kadhaa, chagua iliyo kali, kata kingo.

Kama mtu mwenyewe yupo hai na unampiga picha mpya, kumbuka kwamba Mbinga iko karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Oktoba, na tena mwezi Februari, jua la adhuhuri linasimama karibu utosini. Jua hilo linajaza macho kivuli cheusi. Mkalishe mlangoni, uso ukitazama nje, yeye akiwa ndani ya kivuli. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili kamera ipime mwanga hapo. Usipofanya hivyo na nyuma yake kuna ukuta wa chokaa, kamera inaweza kupima ukuta na kumfanya yeye giza.

*Linda namba zako.* Ukituma picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inapunguzwa, upande mrefu unabaki na pikseli 1600 hivi. Tena inabanwa kwa njia ya JPEG, ambayo hukata picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kutupa sehemu ya undani. Filta ya mchoro ikikutana na miraba hiyo inaidhani ni umbo, inaichora. Itume kama waraka, si kama picha. Bando litakwenda zaidi kidogo, lakini utaipata kamili.

*Tengeneza ramani.* Hapa unahitaji programu yenye matabaka. ibisPaint ya Japani inafaa, ina toleo la bure na inafanya kazi hata kwenye simu ya kawaida. Tabaka ni kama karatasi angavu: unaweka moja juu ya nyingine, ukikosea ya juu ya chini haiguswi. Tabaka la chini kabisa liwe picha ya asili. Juu yake weka nakala, ivute mwanga, kisha igawe ngazi nne kama tulivyoeleza.

*Jaza maumbo.* Fungua tabaka jipya. Fuata mipaka ya ramani, lakini rangi chota kwenye picha ya asili. Kwenye ibisPaint unabonyeza kwa muda mahali unapotaka na rangi inachukuliwa. Anza na maumbo makubwa: kivuli cha upande mmoja wa uso, paji, shingo. Nusu saa ya kwanza usiguse macho. Mtu anatambulika kwa maumbo makubwa kabla ya madogo, ndiyo maana unamjua mjomba wako kwa mbali kabla hujaona macho yake.

*Macho na mdomo.* Hapa ficha ramani, tazama asili. Nukta nyeupe iliyo jichoni ni mwanga wa dirisha au wa taa ya studio. Iweke pale pale ilipo, usiihamishe katikati. Pembe za mdomo zikipanda kwa pikseli chache tu, bibi aliyekuwa mtulivu anakuwa anacheka. Kovu, jino lililokatika, jicho moja dogo kuliko lingine: usirekebishe. Hayo ndiyo yanayowafanya watu waseme ni yeye.

*Pima kabla ya kuchapa.* Karatasi ya A4 ikichapwa vizuri, kwa nukta 300 kwa inchi, inataka pikseli 2480 kwa 3508. Picha ya pasipoti yenye urefu wa sentimita 4.5 ikienda A4 inakua karibu mara 6.6. Jicho lenye upana wa milimita 4 linafika milimita 26, karibu sawa na jicho halisi la mtu. Kwa hiyo kila pikseli uliyobahatisha itaonekana ukutani. Anza kazi kwenye turubai ya ukubwa huo tangu mwanzo, ndipo upeleke faili lenyewe steshenari kwa flashi diski.

Uso ni taarifa binafsi

Jambo la mwisho kabla hujabonyeza. Filta nyingi rahisi hufanya hesabu ndani ya simu yako. Programu nyingi za akili mnemba hutuma picha kwenye kompyuta za mbali, ndiyo maana hazifanyi kazi bila intaneti. Kuna jaribio rahisi: zima data, washa hali ya ndege, kisha jaribu. Ikigoma, kuna uwezekano mkubwa kwamba picha huwa inasafiri.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Uso wa mtu unamtambulisha mtu, kwa hiyo usiuchukulie kama picha ya ua. Kama ni picha ya jirani, ya mwanafunzi mwenzako au ya mtoto wa mtu, omba ruhusa kabla hujaipakia popote. Kwa marehemu, waulize wenye marehemu. Na kama mmetumia akili mnemba sehemu yoyote ya uso, andikeni nyuma ya picha. Miaka 30 ijayo kuna mjukuu ataishika, ataiamini, na hatakuwa na mtu wa kumuuliza.

Jaribio la kumalizia

Ukimaliza, geuza mchoro kushoto kuwa kulia, kama kwenye kioo. Macho yako yamezoea makosa yako, ukiugeuza utayaona upya: taya iliyopinda, jicho lililoshuka. Rekebisha, urudishe.

Halafu mtafute mtu mmoja aliyemjua bibi lakini hajui unafanya kazi gani. Mwonyeshe bila kusema neno. Usimuulize "Ni mzuri?" Muulize "Huyu ni nani?" Akitaja jina kabla hujamaliza swali, peleka ukachape. Akisitasita, funika macho ya mchoro kwa kidole, muulize tena, kisha funika mdomo. Pale atakapomtambua ukiwa umefunika kitu, hicho ulichofunika ndicho chenye kosa. Rudi kwenye tabaka la asili, hapo hapo.